Kidole Kisichotakata

Shemeji yangu ni fundi viatu, na miguu yake ilikuwa myeusi kabla hajamwoa dada yangu. Sisemi weusi wa kuzaliwa. Huo tunao sote na hatuuonei haya. Nasema weusi wa rangi ya viatu, ile ya majimaji inayouzwa kwenye makopo na kunuka kama petroli. Mafundi wengine hukibana kiatu kwa jiliwa la chuma. Yeye hukaa peku kwenye kigoda chake chini ya ngazi za jengo bovu la ghorofa, akakishika kiatu kwa nyayo zake mbili, vidole vimekikumbatia ubavuni, na mikono yote miwili ikabaki huru kushona, kugonga na kupaka. Rangi inayokosa kiatu humpata yeye. Mtaani wamempa jina la Soli, na wapo wateja wanaoamini kwamba ndilo jina alilopewa na wazazi wake.

Dada yangu, mkewe, ni dobi. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwanamke anayeishi kwa kutoa madoa ameolewa na mwanamume anayeishi kwa kuyapaka. Tangu siku za mwanzo alimwekea sheria kwamba hapandi kitandani bila soksi, na soksi zenyewe zinaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, mtu asije akasema hakuziona. Jumamosi humkalisha uani, akamsugua miguu kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha kwa maneno.

Jumamosi moja dada alinipigia simu.

"Kaka, njoo umwamue huyu mtu."

"Amefanya nini?"

"Njoo kwanza. Kuna doa limenishinda."

Nilijua mambo si ya kawaida. Tangu nimfahamu dada yangu, na nimemfahamu tangu amezaliwa, sijawahi kumsikia akikiri kushindwa na doa.

Mimi ni karani mstaafu. Nilianza kazi nikiwa tarishi, nikabeba mafaili ya watu wengine mpaka nikaamua kuyasoma. Nikajiandikisha masomo ya jioni, nikafaulu, nikapewa meza na kiti chenye mto. Hadi leo nahudhuria darasa la watu wazima. Sioni kwa nini mvi zimzuie mtu kununua daftari. Muhula huo tulikuwa tunasoma afya, na shemeji alikuwa ameanza kuniita Daktari Karani, kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima.

Niliwakuta uani, yeye kwenye kiti cha plastiki, miguu ndani ya beseni, dada amepiga magoti mbele yake na brashi mkononi. Nguo za wateja zilikuwa zimeanikwa juu yao.

"Angalia," dada akasema, akaunyanyua mguu wa kushoto kama anayemwonyesha mteja shati. "Vidole vinne vimetakata. Hiki cha mwisho nimekipiga mafuta ya taa, ndimu, magadi, na ile dawa ya kung'arishia mashuka. Wapi! Jumamosi iliyopita vilevile. Huyu anakipaka rangi makusudi ili aniudhi."

"Sikipaki!" Soli akajitetea, lakini alikuwa anatabasamu. "Shemeji, sikiliza ukweli. Nimepata rangi mpya, kopo lenye kifuniko chekundu. Hiyo ndiyo rangi! Imeshika mpaka dobi ameinua mikono. Wateja wakija nawaonyesha kidole hiki. Nawaambia, ona, kimesuguliwa na bingwa na bado kinang'aa. Wanaleta viatu vyote vya nyumbani."

"Kidole chako umekifanya bango la biashara?"

"Bango halilipiwi kodi."

Nikavaa miwani, nikainama. Kidole kilikuwa cheusi, cheusi kuliko rangi, tena kimesinyaa kama tende iliyosahauliwa kabatini. Rangi humpaka mtu, haimkondeshi. Nikamuuliza kama kinauma.

"Kinauma?" Akacheka. Akanyoosha mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa sindano nene ya kutobolea ngozi, na kabla hatujamzuia akakichoma kidole chake mwenyewe kama anayepima kiazi. "Ona! Hata sisikii. Mguu wangu umekomaa, shemeji. Nyie wa ofisini mkikanyaga kokoto mnaomba likizo."

Dada akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wiki mbili nyuma mwalimu wetu wa afya alifundisha juu ya miguu ya wenye kisukari, na shemeji ana kisukari. Vidonge anavyo, huvimeza anapovikumbuka, na husema ugonjwa huo ni wa makarani, yeye amebambikiwa tu. Mwalimu alitamka neno gangrini. Alisema watu wengi huliita donda ndugu, na kwamba maana yake ni nyama ya mwili kufa huku mwenyewe bado yu hai. Alisema iko ya aina mbili, kavu na mbichi, na kwamba moja kati ya hizo haingoji kesho. Ipi kati ya hizo, hapo ndipo nilipokuwa nimesinzia.

"Hii si rangi," nikasema. "Hiki kidole kimekufa. Twende hospitali."

Tabasamu likamfutika. "Nikafanye nini hospitali? Wakinishika wananikata mguu. Wewe kata wako, unaandikia mkono. Mimi huu ndio jiliwa langu. Nikikatwa mguu nitakishika kiatu na nini, na meno?"

"Kidole kikifa kinavuta na jirani yake."

"Hii ni rangi, Karani. Rangi naijua mimi."

"Na mimi nayajua madoa," dada akasema, akageuka upande wa mumewe ghafla, "na nikipewa muda nitalitoa."

Ikawa wawili dhidi ya mmoja. Ugomvi ulionileta pale ulikufa, wakaungana kunipinga mimi. Mambo ya ndoa ndivyo yalivyo.

Basi nikasema tupime, kama watu wanaosoma wanavyopima. Nikavua kiatu changu cha kushoto na soksi, nikamwambia Soli alete lile kopo lenye kifuniko chekundu akipake kidole changu cha mwisho. Kikikataa kutakata, mimi ni mjinga na nitanyamaza. Kikitakata na chake kikabaki, anavaa viatu tunakwenda.

Alinipaka kwa furaha kubwa mno, mara mbili, na kucha akairudia. Tukangoja ikauke. Dada akanisugua kwa brashi ileile mpaka nikaona nyota. Nyama ikatakata, ikabaki kucha peke yake yenye kivuli. Nikakinyoosha kidole changu kando ya chake.

"Haya. Vaa viatu."

"Umedanganya," Soli akasema.

"Nimedanganya wapi?"

"Rangi inataka muda iingie ngozini. Kiatu nikikipaka sikioshi hapohapo. Changu kimekaa na rangi siku zote hizo, chako kimekaa kama mgeni wa mlangoni. Tunarudia. Nakupaka tena, unakaa nayo mpaka Jumamosi ijayo, unaongezewa kila siku. Ndipo tuoshe. Na atakayeshindwa atampigia mwenzake viatu rangi mwaka mzima, palepale chini ya ngazi, watu wakimwona."

"Nakubali," nikasema, kwa kuwa nilikuwa na hasira, na kwa kuwa nilikuwa na hakika. Akanipaka tena, safari hii mpaka juu ya kifundo cha kidole, akanikabidhi kichupa cha kujiongezea nyumbani. Nikaondoka kwa ndara, kwa sababu kiatu kingefuta rangi.

Njiani ndipo akili iliponirudia. Nimefanya nini? Nimempa mtu mwenye kidole kilichokufa wiki nzima ya kukaa nacho, kwa ajili ya mchezo. Kama ni ile aina isiyongoja kesho, Jumamosi tutakuwa tunaosha kidole changu peke yake. Jumapili sikutulia. Jioni dada akapiga simu tena, safari hii kwa kunong'ona.

"Kaka, kuna harufu."

"Harufu ya nini?"

"Sijui. Chini ya ngazi kule kuna gundi na ngozi, harufu haijulikani. Ila leo nimezinusa soksi. Nimefua vitu vya kila namna. Hii siijui."

"Mwambie twende."

"Nimemwambia. Kasema nikimtaja daktari tena atahamia dukani."

Jumatatu asubuhi nilikwenda hospitali peke yangu, nikamtafuta daktari wa miguu ya wenye kisukari. Nilitegemea mzee mwenzangu. Nikamkuta mwanamke mdogo tu, viatu vimemlemea upande, anakula karanga kwenye karatasi. Nikamweleza yote, pamoja na kidole changu, nikikificha nyuma ya mguu wa meza. Nikamuuliza, kama kwa kupita tu, kati ya kavu na mbichi ipi haingoji.

"Mbichi," akasema. "Kavu ni damu kushindwa kufika, nyama inakauka polepole, inaonyesha mpaka wake. Mbichi ni pale vijidudu vinapoingia. Inavimba, inatoa maji, inanuka, na inapanda mguu haraka. Hiyo huua mtu. Na kavu inaweza kugeuka mbichi. Umesema soksi zinanuka?"

"Zinanuka."

"Mlete leo."

"Hawezi kuja. Anaogopa mtamkata jiliwa."

Nikamweleza jiliwa ni nini. Akaangalia viatu vyake mwenyewe vilivyolemea upande, akaacha kutafuna.

"Mwambie kuna daktari anataka kushonewa viatu," akasema, "na hana muda wa kutoka."

Nilijua shemeji ana udhaifu mmoja tu, nao ni kusifiwa na watu wenye vyeo. Nilimkuta chini ya ngazi, kiatu cha mteja kati ya nyayo zake, mteja mwenyewe amesimama kwa mguu mmoja akijishikilia ukutani. Nikasema kwa sauti ili na mteja asikie:

"Soli, unatafutwa na daktari mkubwa. Mafundi wote wameshindwa na miguu yake. Kasikia habari zako."

Nyundo ikasimama hewani. "Kasikia wapi?"

"Sifa haina mguu, lakini inatembea."

"Ni yule anayekata?"

"Anayekata ni mwingine," nikasema. Mungu anisamehe.

Alifunga duka mteja wa watu akiwa bado na kiatu kimoja. Nyumbani akaoga, akavaa suruali ya sikukuu, soksi mpya, na viatu alivyojishonea mwenyewe, vimepigwa rangi unajiona sura. Dada alikuja nasi, eti anapitia mashuka ya hospitali. Njia nzima aliangalia dirishani. Nadhani angeniangalia mimi angecheka, na angemwangalia mumewe angelia.

Daktari aliigiza vizuri kuliko nilivyotarajia. Akakaa kitini, akavua kiatu, akanyoosha mguu. Soli akapiga goti moja kama mtu anayeposa, akatoa tepu yake, akapima urefu, upana, na kimo cha unyayo. Akakibonyeza kisigino, akaukodolea mguu macho.

"Unasimama sana, mama," akasema kwa heshima. "Tena unaegemea kushoto. Fundi aliyekuuzia hivi alikuwa adui yako."

"Kumbe hata mguu unasema?"

"Mguu haujui kuficha. Mtu huficha uso."

"Vizuri," daktari akasema, akakunja miguu yake. "Sasa ni zamu yangu kupima. Vua."

Soli alimwangalia daktari, akaiona kabati ya vioo yenye mikasi ya kila namna, akamwangalia mkewe aliyekuwa amesimama mbele ya mlango kama bawabu, mwisho akaniangalia mimi.

"Shemeji," akasema. "Umeniuza."

"Nimekuuza bei nzuri."

Akavua, kwa sababu mlango ulikuwa umezibwa. Soksi ilipotoka, ile harufu ikatoka nayo, na safari hii hapakuwa na gundi ya kusingiziwa. Daktari hakukunja pua. Akaweka vidole vyake viwili juu ya wayo, akafumba macho kidogo.

"Damu inafika hapa," akasema. "Hiyo ni habari njema. Mguu wako u hai, mzee." Kisha akaugeuza, akatazama chini ya kidole, akaagiza apigwe picha.

Picha ilipokuja akaibandika kwenye taa. Mifupa ilikuwa myeupe, na katikati ya ule mfupa mdogo wa mwisho palikuwa na kitu cheupe zaidi, chembamba, chenye kichwa bapa.

Soli akakisogelea. "Huo ni msumari wa kisigino," akasema. "Namba ndogo. Huo niliutafuta sana."

Hata daktari alishindwa kujizuia. Alipomaliza kucheka akatueleza, taratibu, kama mwalimu wangu, ila huyu sikumsinzilia. Kisukari kilikuwa kimeua mishipa ya kuhisi miguuni, ndiyo maana alikanyaga msumari akaendelea kushona. Mishipa midogo ya damu nayo ilikuwa imesinyaa, damu ikawa inafika kidoleni kwa shida. Pale msumari ulipoingia, pakafa. Weusi wake ukajificha ndani ya weusi wa rangi. Kukosa maumivu siyo ukomavu. Ni mlinzi amekufa na mlango uko wazi.

"Na wewe, mama," akamgeukia dada, "uliyekuwa unasugua kwa dawa ya mashuka. Umechubua ngozi ukawafungulia vijidudu njia."

Dada akainamisha kichwa. Sijawahi kumwona hivyo. "Nilidhani ni doa," akasema.

"Kidole kimekauka," daktari akaendelea, "ila hapa mpakani pameanza kuvimba na kutoa maji. Ukinipa leo, nachukua kidole kimoja. Ukinipa Jumamosi, utanipa mguu. Ukinipa baada ya hapo, sitakuomba kitu tena."

Soli aliiangalia miguu yake. Nilimwona anaikutanisha nyayo zake, kidogo tu, kama anayekishika kiatu ambacho hakipo.

"Hakuna dawa ya kukifufua?"

"Ngozi iliyooza huwa unaifanyaje?"

"Ikiwa imekauka, unaweza kuilainisha kwa mafuta..."

"Iliyooza, nimesema."

Akavuta pumzi. "Naikata. Ukishona juu yake uzi unachana. Unakata mpaka uikute ngozi nzima, tena unaingia ndani yake kidogo, ndipo ushone."

"Na mimi hivyohivyo. Nakata mpaka nikute nyama inayotoa damu."

"Unaingia ndani kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo cha mafundi nakijua. Mteja anakuletea kiatu unamwambia kidogo, unamrudishia ndara." Akanyoosha kidole cha mkono. "Kimoja. Huyu wa jirani humgusi. Nataka dada wa watu huyu asikie. Kimoja."

"Kimoja, kama jirani yake ni mzima. Nikimkuta mgonjwa nasimama nikuulize."

"Nikiwa nimelala?"

"Hutalala. Nitatia ganzi mguu tu. Utakuwa unanisimamia."

Hilo likampendeza. Fundi hapendi kazi ifanyike hajaiona. "Wewe ungefaa sana sokoni," akamwambia. Akageuka kwangu. "Na wewe ondoka machoni pangu. Kakae nje."

Nikatoka nje nikakaa kwenye benchi la ukumbini, nimejaa fahari yangu. Niliwaza nitakavyosimulia darasani. Nikanyoosha miguu. Hapo akapita muuguzi mmoja, mwanamke wa mwili, amebeba trei; akanipita, akasimama, akarudi kinyumenyume.

"Mzee. Hicho kidole kina nini?"

Nilikuwa kwenye ndara. Na nilikuwa mtu wa neno langu. Nimejiongezea rangi asubuhi na jioni.

"Hii ni rangi ya viatu, sista."

"Rangi ya viatu." Akaiweka trei chini. "Yule mzee wa chumba cha pili naye alisema rangi ya viatu. Mmeambiana?"

"Yule ni shemeji yangu. Tulikuwa tunapima. Yaani yeye alinipaka ili tuone kama..."

"Simama, mzee wangu. Usiogope."

"Siogopi! Mimi nasoma afya! Mimi ndiye niliyemleta!"

"Hongera. Na sisi tumekupata wewe."

Mkono wake ulikuwa na nguvu za mtu anayewageuza wagonjwa kitandani. Nikajikuta nimelazwa kwenye kitanda kando ya kile cha Soli, pazia tu katikati, yeye ameshavalishwa lile gauni la kijani linalofungwa mgongoni. Muuguzi akalivuta pazia.

"Mzee, huyu anasema ni rangi. Wewe ndiye fundi. Ni kweli?"

Soli akageuza kichwa polepole. Akakitazama kidole changu. Akanitazama mimi. Nikamkonyeza. Nikamwomba kwa macho. Nikaziona zile pembe za mdomo wake zikianza kupanda, akazishusha kwa nguvu.

"Shemeji yangu ana aibu sana ya ugonjwa," akasema kwa huzuni. "Tumemsihi nyumbani tumechoka. Nawaombeni msimwachie."

"Mwongo! Mwongo huyu! Dada! Mwambieni dada aje!"

"Ona anavyohangaika," Soli akasema. "Masikini."

Muuguzi akatoa sindano ndogo, akanishika kifundo cha mguu, akanichoma kwenye ncha ya kidole kile. Sitaandika nilichosema. Inatosha kusema kwamba mlango wa ukumbi ulifunguliwa na watu wakachungulia, na dada yangu aliyekuwa anasali koridoni alikatisha sala.

"Mzima huyu," muuguzi akasema, akairudisha sindano kwenye trei. "Kidole kilichokufa hakipigi kelele namna hiyo. Nenda ukanawe, mzee."

Nikamsikia Soli upande wa pili wa pazia. Kitanda chake kilikuwa kinatikisika. Alicheka hivyo mpaka walipokuja kumsukuma kwenda chumba cha upasuaji, na milango ilipofungwa nyuma yake bado nilikuwa naisikia sauti yake, inamwambia daktari ampe kioo aone vizuri.

Walichukua kimoja. Wa jirani alikuwa mzima. Kidonda walikiacha wazi bila kukishona, kizibe kutoka chini, na dada akafundishwa kukisafisha kwa maji ya chumvi na kitambaa safi, bila brashi. Muuguzi alimwandikia "BILA BRASHI" kwa herufi kubwa juu ya kibahasha cha dawa. Vidonge vya sukari sasa dada humpa kwa mkono wake na kungoja mpaka avimeze, na asubuhi humkagua nyayo kwa kioo kidogo cha mkononi, kidole kwa kidole, kama anayetafuta doa kwenye kola ya mheshimiwa.

Daktari alimpiga marufuku kukaa peku maisha yake yote. Basi jiliwa la miguu likaisha. Tulimtengenezea la mbao kwa seremala, na kila akikifungia kiatu humo hulitukana, kwamba halina akili, halijui kubana taratibu. Lakini anafanya kazi. Kazi ya kwanza ilikuwa viatu vya daktari, maana nilichodhani ni hila tu, kumbe yule mwanamke alikuwa anavitaka kwelikweli. Kazi ya pili ilikuwa viatu vyake mwenyewe, vipana mbele, laini ndani, na dada alimlazimisha avishone kwa ngozi nyeupe pe, ili kitu chochote kikitia weusi mguuni kisipate tena wa kusingizia.

Kidonda kilipoziba, Jumamosi moja nikaitwa. Nikawakuta uani, beseni katikati.

"Tulikuwa na mashindano," Soli akasema. "Hatukuyamaliza."

"Mashindano gani tena? Chako kimekatwa!"

"Vua."

Nikavua. Nyama ilikuwa safi, ila kucha, ile aliyoirudiarudia kwa kopo la kifuniko chekundu, bado ilikuwa na weusi wake wote, imekua kidogo tu shinani. Dada akaisugua, na nadhani aliisugua kidogo kuliko uwezo wake. Weusi ukabaki. Soli akanyoosha mguu wake wa kushoto, wenye vidole vinne vyeupe kwa sabuni.

"Dobi," akasema, "wewe ndiye mwamuzi. Katika mguu wangu unaona doa?"

"Sioni," dada akasema.

"Katika mguu wa Karani?"

"Naliona."

Nilikata rufaa. Nilieleza maana ya jaribio, kanuni zake, na kusudi lake. Hawakuniacha nimalize.

Kwa hiyo mwaka huu, mwenye kunitafuta asubuhi atanikuta chini ya ngazi, nimekaa kwenye kigoda, miwani puani, napaka chokaa nyeupe kwenye viatu vya shemeji yangu, na wateja wapya wananiita fundi. Daktari aliagiza kwamba kabla ya kuvivaa, lazima mtu aingize mkono ndani na kupapasa mpaka nchani, isije ikawa kuna msumari. Kazi hiyo nayo ameniachia mimi, kwamba imo katika kupiga viatu rangi. Naifanya kwa makini. Naanza na cha kushoto.

Juzi kidole changu kiligusa kitu kigumu humo ndani. Nikakitoa. Kilikuwa kifungo cha shati. Nikainua macho, nikamkuta Soli ananitazama juu ya lile jiliwa lake la mbao, soksi zake mbili safi amezinyoosha mbele.

"Nilikuwa napima," akasema, "kama bado unasinzia."